Karatasi Yangu Imerudi Safi

Jumapili, 2 Oktoba 2022

Kikao cha walimu kabla ya kipindi cha kwanza. Bi Dalal, mkuu wetu wa shule, alisoma waraka akiwa amesimama, na yeye huwa hasimami. Kila mwalimu mgeni alete shahada yake halisi ndani ya wiki hii. Zote zitahakikiwa upya, huko huko vyuoni zilikotoka. Hata za waliokaa Kuwait miaka ishirini. Alipofika kwenye "hata" nikaona ananitazama — au labda ni woga wangu tu.

Nikaingia darasa la kumi B, nikafundisha milinganyo. Mkono uliandika ubaoni kama siku zote. Umeshazoea.

Sijawahi kuliandika hili popote. Ngoja niliandike mara moja, kwenye daftari hili la hesabu ambalo halina mtu wa kulisoma, maana katika chumba hiki cha Hawalli naishi mimi na jokofu. Shahada yangu si ya kweli. Chuoni nilisoma miaka miwili na nusu. Baba akapooza, Mama akawa hana wa kumsaidia kumgeuza kitandani, nikarudi nyumbani Damanhur, kule Misri, na sikuliona tena darasa. Baba alipofariki, kaka yangu Sabri alikuja na bahasha. Ndani yake jina langu, picha yangu, muhuri wa chuo. Fundi aliyeitengeneza alimkataza asiombe daraja la juu. Andika "Nzuri", alimwambia, walio katikati hawachunguzwi na mtu.

Miaka kumi na tisa nimekuwa mtu wa katikati.

Jumanne, 4 Oktoba

Ustadhi Mamduh wa fizikia hakuja kazini. Simu imezimwa. Kufikia mapumziko habari ilishafika: alipanda ndege ya Cairo jana alasiri na begi la mkononi tu, hata suruali zake kaziacha kwa dobi.

Chumba cha walimu kilichangamka kama kuna harusi. Mwalimu wa jiografia akasema yeye alishamshuku zamani, mtu wa fizikia gani anaogopa kubadilisha balbu. Mwingine akasema shahada ile ilichapwa siku moja na kadi za harusi, ndiyo maana ilikuwa na maua pembeni. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti.

Ukweli ni kwamba nimemkasirikia Mamduh, na si kwa kughushi. Kwa kufundisha vibaya! Alikuwa akiwasomea watoto kitabu, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi kila likizo nanunua vitabu vya mwaka wa tatu na wa nne wa chuo. Nimefanya kila swali la mitihani ile ambayo sikuikalia. Hapa hapa mezani. Hakuna wa kunisahihishia, lakini nimefanya.

Bahasha yangu nimeipeleka leo. Karani aliipokea bila hata kuinua macho.

Alhamisi, 6 Oktoba

Bi Dalal ameniita ofisini. Kutoka darasani hadi mlangoni kwake ni hatua themanini na kitu, nilizihesabu. Nilikuwa tayari nimepanga la kusema.

Kumbe anataka niingie kwenye kamati. Watu watatu: yeye, Ustadhi Yasin wa utawala, na mimi. Kupokea mafaili, kusoma majibu ya vyuo, kutia sahihi. Alisema anataka mwalimu ambaye wenzake wanamwamini, na kwamba miaka yote hii hajasikia neno baya juu yangu. Halafu akarudia lile la ukuu wa idara ya hesabu. Mara ya nne sasa. Nikarudia jibu langu, kwamba mimi napenda darasa, makaratasi siyawezi.

Akacheka. "Awatif, wewe unaogopa nini hasa?"

Nikacheka pia. Mtu akipanda cheo hapa, faili lake linafunguliwa upya. Hicho tu.

Kamati sikuweza kuikataa. Ningekataa kwa sababu ipi?

Ijumaa, 7 Oktoba

Mapumziko. Nimepika mlenda na wali, sufuria dogo, na bado umebaki wa siku mbili.

Sabri alipiga simu baada ya swala. Nilisikia watoto wake wakigombania kiti nyuma yake. Anasema nitulie. Pale masijala ya chuo kuna kijana, shemeji wa mkewe, barua ya uhakiki ikifika itapita mikononi mwake na itajibiwa vizuri. Fundi mwenyewe alishakufa. "Mdogo wangu, karatasi yako ni nzima kuliko za wenyewe," alisema, na nilijua anatabasamu. Kwake yeye ni zawadi aliyonipa. Sijawahi kupata moyo wa kumwambia ni zawadi ya namna gani.

Mchana wote nimemkumbuka Injinia Hilmi. Mgane, mpole, mwenye kikohozi cha aibu. Alitaka tuoane tuhamie Kanada. Ilikuwa mwaka wa kumi wangu hapa. Alileta fomu za uhamiaji pamoja na maua, na kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya elimu ya mke, na vithibitisho. Nikamwambia siwezi. Akauliza kama amenikosea. Nikasema hapana. Akauliza basi nini. Nikamimina chai. Alikaa kwenye kiti kile, akanisubiri niseme, mpaka chai ikapoa, kisha akaondoka. Alioa mwingine mwaka uliofuata.

Ningemwambia, labda angekaa. Sitajua.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mafaili sitini na mawili. Yasin anazigusa karatasi kwa ncha za vidole kama daktari. Ana miwani ya kukuzia. Anatueleza wino wa kweli unavyozama kwenye karatasi na wa uongo unavyokaa juu. Yangu aliipitia jana. Akasema: safi, ya zamani, siku hizi hawatengenezi hivi.

Leo aliingia Hanin, msichana wa kemia. Si msichana, ana miaka thelathini, lakini uso wake ni wa kitoto. Msyria, anaishi Salmiya na mama yake. Wanafunzi wanampenda mno, wanatoka maabara wakibishana juu ya chumvi na asidi hadi kwenye basi. Alileta nakala ya nakala, imepigwa picha kwa simu, kona moja haisomeki. Halisi iliungua pamoja na nyumba. Jengo la kumbukumbu la chuo chao nalo liliungua. Alisema yote hayo bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kufika sokoni.

Yasin akamuuliza, sasa sisi tutamwandikia nani?

Hanin akasema, "Ndilo swali ninalojiuliza tangu nifike nchi hii, Ustadhi."

Aliiweka karatasi mezani akaisukuma mbele yetu yote, akaondoa mikono. Sikuweza kuacha kuitazama mikono yake.

Jumatano, 12 Oktoba

Kumi B leo wameelewa! Yule binti wa nyuma, Shaikha, ambaye tangu mwaka juzi anasema hesabu ni adhabu, ameinuka akafanya swali ubaoni hadi mwisho, kisha akageuka akaniita kama wanavyowaita walimu wa kike hapa, "Abla, mbona lilikuwa rahisi?" Darasa zima likapiga makofi.

Nilirudi nyumbani nikawa na hamu ya kumsimulia mtu. Nilisimama na simu mkononi. Nikaishia kuandika hapa.

Jumapili, 16 Oktoba

Majibu ya kwanza yameletwa. Bi Dalal alinipa rundo niyafungue mimi, yeye ana mgeni kutoka wizarani.

La saba lilikuwa langu.

Imethibitishwa. Jina, mwaka, daraja: Nzuri. Muhuri wa chuo, safari hii wa kweli kabisa, juu ya uongo wangu. Nilichukua kalamu, nikaandika kwenye daftari la kamati mbele ya jina langu: sahihi. Kisha nikafungua la nane.

Nilidhani nitapumua. Miaka kumi na tisa nilidhani siku hii ikifika nitapumua. Nilikwenda chooni nikanawa uso, nikarudi, basi. Hakuna hata mtu wa kuniambia hongera, maana kwa watu wote hakuna kilichotokea.

Kwa Hanin, jibu ni mstari mmoja: taasisi haikupatikana.

Jumatatu, 17 Oktoba

Kamati. Yasin alisoma kanuni. Asiyethibitishwa anasimamishwa, jina linapelekwa polisi, kibali cha kuishi kinafutwa. Bi Dalal aliuliza kama hakuna namna, binti huyu ndiye mwalimu bora wa sayansi tuliyewahi kuwa naye. Yasin hakuwa na ukali wowote, afadhali angekuwa nao. Alisema mwalimu mzuri anaweza kuwa mwongo, na mwongo anaweza kuwa mwalimu mzuri, kwa hiyo sisi tunauliza karatasi.

Nikaanza kupanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Sahihi tatu zinatakiwa kumsimamisha Hanin. Wao wametia mbili. Mimi nilisema kichwa kinaniuma, nitatia kesho. Hawana pa kurudi, yeye na mama yake. Mtaa wao haupo.

Jumanne, 18 Oktoba

Hanin alikuja kwangu alasiri, baada ya masomo. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu aligonga mlango huu ambaye hakuleta gesi. Kaja na mikate ya mama yake iliyopakwa zaatari, viungo vya majani makavu na ufuta, bado ya moto, na aibu tele usoni. Nilihangaika kutafuta kikombe cha pili. Kilikuwa nyuma kabisa ya kabati, kina vumbi.

Alikunywa chai yote kabla ya kusema. Yasin amemwambia kuna mlango mmoja. Mwalimu wa muda mrefu, aliyethibitishwa, anaweza kumwandikia barua ya udhamini. Kesi itasubiri wakati anatafuta ushahidi mwingine. Amemtafuta mhadhiri wake wa zamani, Daktari Rustum, aliyekimbilia Ujerumani. Amemwandikia mara tatu, hajajibiwa.

"Abla Awatif," alisema, "niambie ukweli. Wewe unaniamini?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa nini?"

Niliukata mkate nikampa kipande. Jibu ninalo. Ninajua mtu mwenye karatasi ya uongo anavyoingia ofisini. Anavyochagua kiti cha karibu na mlango. Anavyoacha mkono juu ya bahasha mpaka dakika ya mwisho. Yeye hakufanya hata moja. Lakini utamwambiaje mtu hivyo bila kumwambia umejulia wapi?

Nikasema, "Nimeona unavyofundisha."

Alipoondoka kilibaki kikombe chake mezani. Sijakiosha.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja, mwandiko wangu mzuri. Ninamdhamini Hanin kwa jina na hadhi yangu. Yasin aliambatanisha nakala ya shahada yangu nyuma yake kwa pini, kama kanuni inavyotaka. Akasoma kwa sauti sehemu inayosema kwamba ikibainika kasoro kwa mdhamini au kwa mdhaminiwa, wote wawili watawajibika. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Bi Dalal alinishika bega. Alisema alijua mimi ni mtu.

Kwa hiyo mambo yako hivi: binti mwenye shahada ya kweli amesimama juu ya shahada yangu. Nilitaka kumsaidia. Au nilitaka mtu aje tena na mikate? Naandika hili kwa sababu hapa ndipo mahali pekee nisipodanganya.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mawili kwa siku moja.

Asubuhi Hanin alipiga simu akilia na kucheka pamoja. Daktari Rustum amejibu! Alikuwa hospitali, ndiyo maana alichelewa. Anamkumbuka, anakumbuka hata meza aliyokuwa akikaa maabara. Na alipokimbia alibeba orodha ya wahitimu wa kitivo, miaka sita, kwenye diski. Atakwenda ubalozini wiki ijayo kuapa na kuigongesha muhuri. Baada ya hapo ni kungoja posta. Hanin alinishukuru mpaka nikamwomba aache. Mama yake akachukua simu akaniombea dua ndefu, akaniita binti yangu.

Alasiri Sabri. Sauti yake haikuwa yake. Yule kijana wa masijala ameitwa kuhojiwa. Wakaguzi wameingia, wanapitia majibu yote aliyotuma nje mwaka huu. Wakifika kwenye langu ni suala la siku. Tiketi ameshakata, kesho saa nane na nusu mchana. Alisema nisimuage mtu. "Uje nyumbani, Awatif. Umekaa huko vya kutosha."

Nikamuuliza nikija nitafanya nini. Akasema utapumzika. Nikamuuliza, Sabri, ulipoleta ile bahasha, mbona hukuniuliza kama nataka kurudi chuo? Akasema hakujua kama kulikuwa na swali hilo. Alisema pia kwamba mimi nilifurahi siku ile, nilimkumbatia. Ni kweli. Nilimkumbatia.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nguo zimeingia zote kwenye sanduku moja. Miaka kumi na tisa.

Nimefikiri hivi, na nimelirudia kama ninavyorudia hesabu, nikitafuta nilipokosea. Nikiondoka leo, kesho wanafungua faili langu kama walivyofungua la Mamduh. Wanakuta uongo. Nyuma ya uongo wangu kuna pini, na kwenye pini kuna Hanin. Yasin atasema mghushi kamdhamini mghushi mwenzake, na hapo orodha ya Ujerumani hata ikija na mihuri kumi hakuna atakayeisoma. Nikikaa kimya nikisubiri wanikamate, ni yale yale. Nikiomba barua yangu irudishwe bila kusema sababu, watasema hata Awatif amemkimbia.

Imebaki moja. Niseme mimi kabla hawajaambiwa. Niseme kwamba binti hakujua lolote, barua itolewe, wamsubiri mhadhiri wake.

Kuna jela kwenye jibu hilo. Nimelipitia mara nne, linakuja lile lile.

Saa nane na nusu nilikuwa nimekaa juu ya sanduku, nimevaa viatu. Saa tisa Sabri alipiga. Sikupokea. Nilivua viatu, nikapasha mlenda wa jana.

Jumapili, 23 Oktoba

Niko ofisini kwa Bi Dalal. Naandika hapa hapa, nimekaa. Yeye ametoka.

Nimesema. Nilidhani nitazunguka, nikajikuta nimesema moja kwa moja. "Itoe barua yangu kwenye faili la Hanin. Shahada yangu ni ya kughushi, tangu mwanzo. Yeye hajui."

Bi Dalal hakupaza sauti. Alivua miwani. Alitazama dirishani kwa muda, kule uwanjani watoto wa darasa la tano walikuwa wanacheza mpira. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: nilijifunzia wapi. Nikamwambia, mezani kwangu. Akarudia, mezani kwako, polepole, kama anajaribu kulielewa neno hilo. Nikamweleza habari za Daktari Rustum, diski, ubalozi, nikamwandikia jina na namba. Aliichukua ile karatasi akaikunja akaiweka mfukoni. Hilo nililiona. Aliiweka mfukoni.

Nikamwomba asimwambie Hanin mpaka niwe nimeondoka. Akasema, "Hapana, Awatif. Hilo siwezi kukufanyia." Akainua simu, akaagiza Hanin aitwe, na Ustadhi Yasin. Akaniambia nisitoke, akaenda kumpokea Yasin huko nje. Wako kwenye korido. Nasikia sauti ya Bi Dalal, ya Yasin siisikii.

Hanin ameingia kabla yao. Amevaa koti la maabara, mkono una doa la zambarau. Ameniona hapa, ameona kalamu na daftari, na uso wake umefunguka wote. Anadhani tumeitwa kwa habari njema. Anadhani orodha imekubaliwa kabla hata ya kufika. Amevuta kiti akakaa karibu, bega kwa bega, akaniuliza kwa sauti ya chini ninaandika nini.

Nimemwambia hesabu.

Amechukua mkono wangu wa kushoto, anaufinya. Vidole vyake ni vya baridi. Sijui ni miaka mingapi mtu hajanishika mkono. Sijautoa. Naandika kwa mkono wa kulia, na viatu vya Bi Dalal na Yasin vimefika mlangoni, na Hanin bado ameushika mkono wangu.